Sahan wa Pluto na Sahan Wetu

Mwanangu alikuwa amekwenda kutafuta nyasi na simu yake haikuingia. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu Ramadhani nzima ile. Mtu akinisalimia sokoni niliitikia kwa mdomo, moyo haukuwepo.

Sisi watu wa mifugo mtu wa namna hiyo tunamwita sahan. Mvua ikikosa, ngamia hawahamishwi hivi hivi kama watu wanaofuata harufu ya pilau. Anatumwa mwanamume mmoja mwenye macho na mwenye miguu. Anatangulia, anaona nyasi ziko wapi, maji yako wapi, nani amekaa hapo na ana moyo gani, kisha anarudi kusema. Sahan hasemi uongo. Mwizi tunaweza kumsamehe, sahan mwongo hapana, maana watoto watakwenda kufia mahali alipowaelekeza. Na iko sheria nyingine, hiyo ni ya wanawake: sahan akiwa njiani, nyumba yake haing'olewi. Nyumba yetu ya porini, aqal, ni matao ya miti, mikeka na kamba. Sisi wanawake ndio tunaoisimamisha na sisi ndio tunaoing'oa na kuipakia juu ya ngamia. Ukiing'oa kabla hajarudi, umesema harudi. Hakuna haja ya kulia wala kuita shekhe, kamba zenyewe zimeshasema.

Mimi nakaa Garissa mjini tangu mume wangu alipokufa. Nauza maziwa ya ngamia. Kiswahili nilikipata kwa wateja, walimu na askari na watu wa ofisini, na kusoma nilijifunza nikiwa na watoto wakubwa, katika darasa ambalo mbuzi waliingia na kutoka zaidi kuliko sisi. Sioni haya. Jina langu najiandikia mwenyewe.

Ngamia wetu walikuwa porini, upande wa barabara ya Modogashe, chini ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mzee mwenye ndevu za hina na ulimi wa pilipili. Yeye ndiye aliyemtuma mwanangu. Alimtuma kusini, Masalani na kupita, kuelekea misituni, kwa sababu tulisikia kule mvua imenyesha. Lakini tulisikia na mengine. Mwaka ule ulikuwa mwaka mbaya. Mji wetu ulikuwa na kafyu, jua likizama kila mtu ndani, hata tarawehe tuliswali majumbani. Na misitu ya kusini ilikuwa na watu wenye bunduki wa namna mbili, wale wanaojificha na wale wanaowatafuta. Mchungaji akikutana na yeyote kati yao anaulizwa swali moja: wewe ni mtu wa nani? Na jibu lolote ni baya.

Alikwenda kwa pikipiki. Masalani akaiacha kwa mwenye duka mmoja, akaingia porini kwa miguu. Mwenye duka alinipigia kuniambia hivyo, kwa nia njema, masikini, na baada ya siku kadhaa akanipigia tena. "Mama, pikipiki ipo tu hapa. Hajaja kuichukua." Tangu hapo niliiona kila nikifumba macho, ile pikipiki, imeegemea ukuta wa watu, vumbi linaifunika kiti.

Nilikuwa nakaa na binti yake. Mama wa mtoto alitangulia mbele ya haki mtoto akiwa hajaota meno, kwa hiyo nilimlea mimi, na nyumba ya kule porini alimokuwa analala mwanangu ni ile ile niliyoolewa nayo mimi. Kwetu bibi na mjukuu wanaitana neno moja, ayeyo, yeye ananiita ayeyo na mimi namwita ayeyo, kama vile mama na mwanawe wanavyoitana hooyo, na baba na mwanawe aabo. Mtoto huyu ana kichwa. Nasema mbele za watu na sitanong'ona: amemzidi baba yake, na baba yake si mjinga.

Siku hizo, akitoka shule, alikuwa ameinama juu ya simu kama anayechungulia kisima. Nilidhani anamngoja baba yake. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Ayeyo, kuna habari?"

"Hapana. Natazama chombo."

"Chombo gani?"

"Cha Pluto."

Akanieleza. Dunia yetu ni moja katika kundi, inazunguka jua pamoja na wenzake. Mbali kabisa, ukishawapita wote, kuna kadogo kanaitwa Pluto, na hakuna binadamu aliyewahi kukaona vizuri, hata kwa zile darubini kubwa kalikuwa nukta tu. Basi watu wakatuma chombo. Hakina mtu ndani. Kimekwenda miaka tisa na ushee, na sasa kinakaribia.

"Kilipoondoka mimi ndiyo kwanza naanza shule," akasema.

"Kimekwenda kufanya nini huko?"

"Kuona."

"Kuona tu?"

"Kuona, halafu kuwaambia waliokituma kimeona nini."

Nilikuwa nakoroga uji wa kufuturu. Nikaacha mwiko. "Hicho ni sahan," nikasema.

Akainua macho kutoka kwenye simu. "Ndiyo, ayeyo. Ni sahan."

Nikataka kumchekesha, maana uso wake ulikuwa umekonda na si kwa sababu ya saumu. "Na hiyo Pluto yenyewe ni ya ukoo gani?"

Hapo akacheka. Akasema zamani ilihesabiwa na sayari kubwa, lakini mwaka ule ule chombo kilipoondoka, wataalamu walikaa kikao wakaitoa. Wakasema ni ndogo mno, sasa ni sayari kibete.

"Wamemfukuza mtu kwenye ukoo wake, na mgeni wao yuko njiani kwake?"

"Haina habari, ayeyo. Ni barafu na mawe."

"Wewe ulimuuliza?"

Tukacheka wote wawili, kisha kila mmoja akaitupia jicho simu.

Siku chache kabla ya kufika, chombo kilinyamaza. Walikuwa wanaongea nacho, ghafla kikakata. Baadaye kikaitika tena, lakini kama mtu aliyezimia, hakikumbuki kazi yake, ikabidi wakifundishe upya kutoka huku. Mjukuu wangu alikuja kunisimulia jikoni akiwa analia.

"Si umesema kimeshaitika? Unalia nini?"

"Hakikuwa na sababu, ayeyo. Kilinyamaza tu."

Sijawahi kuona mtu akililia chuma. Nikamwambia aende akatawadhe. Alipotoka, nikaenda nyuma ya tangi la maji. Nikakaa chini kwenye tope. Nilikuwa kama mbuzi anayesikia fisi na hamwoni. Mtoto huyu hana mama. Nilikuwa najiuliza mwezi ujao nitamwambia ana nini.

Katikati ya wiki shemeji akaja mjini. Hakukaa hata kwenye mkeka. Akasimama mlangoni na fimbo yake mabegani.

"Ngamia wanakauka," akasema. "Huyo jike mweusi wa marehemu ameacha kutoa maziwa. Nataka kuhama, kupita Modogashe, huko kuna wenzetu wamepata majani."

"Na sahan?"

"Sahan ni wa kusini. Kaskazini sihitaji sahan, kuna lori kila siku zinatuletea habari."

"Sikuulizi habari ya kaskazini. Nakuuliza habari ya mwanangu. Nyumba yake imesimama."

Akatazama chini. Yeye ni mtu wa kejeli, lakini siku hiyo hakuwa nayo. "Nitasubiri," akasema. "Lakini ngamia hawasubiri. Saumu ikikaribia kwisha nitakupigia, na wewe utaamua. Nyumba ni yako." Akaenda. Afadhali angenitukana. Mwanamume akikuachia uamuzi wa namna hiyo ujue yeye ameshakata tamaa, anataka mkono wako ndio ushike kisu.

Siku ya chombo kupita, mjukuu aliniletea picha iliyopigwa kabla hakijafika kabisa. Duara la rangi ya mchanga wa mto, na upande mmoja doa kubwa jeupe. Akasema dunia nzima inasema ni umbo la moyo. Mimi niliona mafuta ya mkia wa kondoo, namna yanavyoganda kwenye sahani. Nikamwambia. Akasema afadhali mafuta.

"Sasa kimeshuka?"

"Hakishuki. Kinapita."

"Kinapita vipi? Miaka tisa unakwenda kwa mtu, unafika mlangoni, husimami hata kusema salamu alaikum?"

"Hakina breki, ayeyo. Kingebeba mafuta ya kusimamia kisingefika. Kinapita mbio, kinaona kinachoona, basi."

"Halafu kinarudi."

"Hakirudi. Kinaendelea mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele tu."

Nikajifunika shali, na jua la Garissa lilikuwa linapasua mawe. Hadi leo ninapoandika haya bado kinakwenda, na hadi leo sipendi kulifikiria jambo hilo. Nikamuuliza kama sasa hivi, wakati huu kinapita, wanaongea nacho. Akasema hapana. Kimenyamaza tangu asubuhi, lakini safari hii kwa makusudi. Masikio na macho ya chombo hicho yamefungwa pamoja, hakiwezi kuangalia Pluto na wakati ule ule kugeuka kuongea na nyumbani. Kimeambiwa: angalia kwanza. Kuna vumbi na vijiwe huko, kimoja tu kikikigonga kwa mwendo ule kimekwisha, na hakuna atakayejua mpaka saa ya kuita ipite na kisiite.

"Na waliokituma wanafanya nini?"

"Wamekaa."

"Wamekaa tu?"

"Watafanya nini, ayeyo? Wanangoja."

Nikawawazia. Watu wazima, wenye elimu yao, wamekaa kwenye viti, mikono mapajani. Mchana ule nilipiga namba ya mwanangu tena na tena, na yule mwanamke wa ndani ya simu akanijibu yale yale kwa sauti yake ya asali. Nikatamani kumchapa.

Asubuhi iliyofuata, tumeshakula daku na kuswali, mjukuu akanijia kwenye mswala.

"Kimeita."

Nikashika mkono wake nikidhani ni baba yake. Akaona, uso ukamshuka. "Chombo, ayeyo. Kimesema kimefika, kimepita, kiko salama."

"Na kimeona nini?"

"Bado hakijasema. Habari zenyewe zitakuja kidogo kidogo, zaidi ya mwaka. Kwanza kimesema kiko salama."

"Kimelelewa vizuri," nikasema. Maana hata kwetu sahan akirudi haanzi na nyasi. Anasema nabad, amani, akiwa bado mbali, ili wenye roho mkononi wazirudishe mahali pake. Kisha anapewa maji. Kisha ndiyo anaulizwa.

Nikasema hivyo kwa mdomo. Moyoni nilikuwa na wivu mchungu, wivu wa kumwonea chuma. Kile kimeitika kutoka nje ya kila kitu. Masalani ni hapo. Ukipanda gari asubuhi, jua halijaanguka umefika. Na kutoka hapo hakuna sauti.

Siku hiyo hiyo shemeji akapiga, akiwa amefuata mtandao hadi barabarani. "Kesho natoka," akasema. "Nifanye nini na nyumba?"

Nikamwambia asiguse kamba hata moja, nakuja. Mjukuu akataka kufuatana nami. Nikakataa. Kule porini simu haishiki, na mtu lazima abaki na simu. Nikamwachia simu yangu, yake, na chaja, kama anayemkabidhi mtoto mchanga.

"Na akipiga mtu mwingine?" akauliza. "Namba tusiyoijua?"

"Utapokea."

"Naogopa, ayeyo."

"Na mimi. Utapokea."

Nilipanda lori la kwenda Modogashe, likanishusha njiani, nikatembea mpaka kambini. Ngamia walikuwa wameshapangwa, wake za shemeji wamepakia nyumba zao. Yangu ilikuwa imesimama peke yake uwanjani, kama jino la mwisho kwenye ufizi.

"Ngamia waende," nikamwambia shemeji. "Nyumba inabaki. Nitakaa ndani yake mimi."

"Peke yako? Umeingiwa na wazimu?"

"Sahan akirudi atafika hapa, hatafika mjini. Hatakuta majivu ya watu."

Shemeji akawapigia vijana kelele waondoe ngamia, kisha akarudi na birika lake na mkeka wake, akakaa chini ya mgunga. Alibakiza ngamia mmoja mzee wa mizigo.

"Kwa nini hukwenda?" nikamuuliza.

"Nikikuacha hapa ukaliwa na fisi, watu watasema mjane wa ndugu yangu amekonda mpaka fisi hakushiba. Ni aibu."

Sijui kama umewahi kukaa mahali ambapo ngamia wameondoka. Kengele zao za mbao hulia mchana kutwa, huzisikii mpaka zikome. Zikikoma unasikia kila kitu. Mti ukipasuka kwa jua nilidhani bunduki. Vumbi likiinuka barabarani nilisimama, na likipita bila kusimama nilikaa. Mle ndani ya nyumba mlikuwa na kibuyu cha maziwa cha mwanangu, kikavu, kinanuka moshi. Nilikiweka nyuma yangu nisikione. Nilifunga saumu, na hata bila saumu nisingekula.

Shemeji alianza kuniuliza habari za chombo. Mjukuu alikuwa ameshamwambia kwa simu siku za nyuma.

"Kimebeba maji?"

"Hakinywi."

"Kina silaha?"

"Hakina."

"Kinakwenda peke yake, hakina silaha, hakinywi, na hakirudi." Akatikisa kichwa. "Huyo aliyekituma ana moyo wa jiwe."

"Wamekaa wanangoja, mjukuu wako anasema. Wanaogopa kama sisi."

Akachora mchanga na fimbo. "Mimi ndiye niliyemtuma."

"Najua."

"Nina vijana wangu wawili. Nilimtuma wako kwa sababu ndiye mwenye macho."

"Najua na hilo. Kunywa chai yako, jua limezama."

Sikumsamehe na sikumlaumu. Sikuwa na nafasi. Hofu ni mgeni mwenye mwili mkubwa, akiingia kwenye aqal hakuna mwingine anayeenea.

Siku ya Idi tuliswali wawili tu, yeye mbele, mimi nyuma, na ngamia mzee akitutazama. Tulikula tende. Hakuna aliyesema heri ya Idi. Jua lilikuwa limeshapanda juu, lori likasimama barabarani, na mtu mmoja akashuka, mwembamba, mwenye buibui. Nilimjua kwa mwendo kabla sijaona uso. Alikuwa ameagizwa asiondoke kwenye simu, na amekuja.

Shemeji akasimama. Mimi nilibaki nimekaa. Nilimtazama mtoto anavyotembea, nikasoma miguu yake. Hakukimbia. Mwenye habari njema si hukimbia? Lakini hata mwenye habari mbaya hukimbia, akitaka kuitua. Yeye alitembea tu, amenyooka, ameshika viatu mkononi kwa sababu ya mchanga. Nikaanza kusoma shahada kimoyomoyo, na nilipofika katikati sikukumbuka mwisho.

Akiwa bado mbali, mbali hata sauti inapasuka, akainua mkono wenye viatu.

"Nabad," akasema. "Ayeyo, nabad."

Hakusema Idi, hakusema salamu, hakuniita kwa machozi. Alisema lile neno kwanza, kama mtu aliyelelewa. Shemeji akakaa chini pale pale aliposimama, fimbo ikamwanguka, mzee mzima.

Alipofika nilimpa maji. Akanywa, akajifuta, na hapo ndipo shemeji akamuuliza kama inavyoulizwa: "Tuambie."

"Aabo amepiga. Namba nisiyoijua, ya mwenye mashua pale kivukoni Masalani. Ni mzima. Amekonda, anasema, na miguu imevimba. Simu aliizima mwenyewe tangu alipoacha pikipiki. Anasema kule simu ikilia kichakani, mwenye simu hafiki jioni."

"Na nyasi?"

"Zipo. Zinafika magotini. Maji yapo." Akaweka viatu chini. "Anasema tusiende. Kila penye nyasi pana nyayo za buti, na moto uliozimwa kwa haraka. Anasema amelala juu ya miti. Tusiende hata mmoja."

Shemeji alifunga macho. Ngamia wale wote, na nyasi zinazofika magotini. "Basi hatuendi," akasema.

"Na akasema nimwambie hooyo." Mtoto akanigeukia, akawa makini, kama anayebeba kikombe kilichojaa. "Anasema anafuata barabara ya Modogashe, atatukuta huko. Anasema: mwambie hooyo ang'oe nyumba."

Nikainuka nikaenda kwenye kamba ya kwanza, ile ya mlangoni, niliyoifunga mwenyewe miaka mingi kwa fundo la mama yangu. Fundo likanishinda. Masikio yangu yalikuwa yamesikia, lakini vidole bado havijapata habari. Mjukuu akaja akashika upande wa pili, tukavuta pamoja, mkeka ukalegea na jua likaingia ndani mpaka kwenye kibuyu.

Nyuma yetu shemeji alikuwa anamlaza yule ngamia mzee, anamtukana ukoo wake wote, naye ananguruma na kukataa kama kawaida yake, na kengele ya shingoni ikawa inalia.